Msoma Mita na Sindano ya Tatu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliomzidi umri walimwita msoma mita, waliokuwa chini yake walimwita Makadirio, na yeye aliitikia yote mawili bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kila mwezi, kufunua vifuniko vya chuma vilivyokaa karibu na mageti, kusoma mita ya maji iliyomo shimoni na kuingiza tarakimu kwenye kimashine alichokining'iniza shingoni. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, kofia haimtoki kichwani, na mkononi alishika ndoano ya chuma ya kuinulia vifuniko. Katika mashimo hayo alikuwa amekutana na vyura, mende, buibui wa kila rangi, na mara moja meno ya bandia ambayo familia nzima ilikuwa imeyatafuta hadi ikakata tamaa.

Jina la Makadirio alilipata kihalali. Kimashine kile kilikuwa na vitufe viwili vya kufungia kila nyumba. Kimoja kiliandikwa "imeonwa", yaani msomaji ameinama, amefuta kioo kwa kidole gumba na ameona tarakimu kwa macho yake. Cha pili kiliandikwa "imekadiriwa", yaani geti lilifungwa, au gari limeegeshwa juu ya kifuniko, au mbwa amekataa, basi msomaji ametazama matumizi ya miezi iliyopita akaweka tarakimu inayofanana nayo. Idara ya maji inaruhusu, na wasomaji wote hufanya hivyo. Yeye alifanya kwa kipaji. Alisimama nje ya ukuta, akaangalia nguo zilizoanikwa, akasikiliza kelele za watoto, akabonyeza. Mwezi uliofuata, geti likifunguliwa, tarakimu yake ilikuwa imepishana na ukweli kwa ndoo mbili tatu tu. Wenzake walimvulia kofia.

Sifa zikamlevya, akaupeleka mchezo huo nyumbani. Alikadiria sukari kwenye chai. Alikadiria umri wa watoto wake. Alikadiria siku ya kuzaliwa ya mke wake na akaipatia mwaka mmoja tu, kwa bahati, na mwaka huo ndio anaoutaja hadi leo. Mke wake alikuwa msusi, mtu wa kugawa nywele kwa mstari ulionyooka, na hakupenda mambo ya takriban.

"Makadirio yako hayo," alikuwa akimwambia, "siku moja yatakutokea puani."

Jambo jingine alilojivunia lilikuwa mbwa. Wasomaji mita wana alama zao, huzichora kwa chaki kwenye nguzo ya geti, chini kabisa, ambako mwenye nyumba hatazami. Duara ni mbwa wa kelele tupu. Mkasi ni mbwa wa meno. Msomaji akihamishiwa mtaa mwingine, anayemrithi anakuta alama na anaokoa miguu yake. Makadirio hakuzihitaji. Alisema mbwa na yeye wanajuana, kwamba anaweza kumsoma mbwa kwa masikio na mkia kabla hajafungua mdomo, na kusema kweli kwa miaka mingi hakuna aliyemgusa.

Nyumba ya Mama Cherehani haikuwa na alama yoyote. Mama Cherehani alikuwa fundi nguo aliyestaafu, mjane, watoto wake wametawanyika na maisha yao. Alikaa na cherehani chake sebuleni, karibu na dirisha, na mbwa wa kahawia mwenye miguu minne myeupe aliyeitwa Soksi. Msoma mita alimjua Soksi tangu akiwa mdogo wa kulala ndani ya kofia. Kila mwezi mbwa alimpokea getini, akamsindikiza hadi shimoni, akaingiza pua yake kuona kuna nini, kana kwamba naye anasoma. Baada ya hapo Mama Cherehani alileta chai, na msoma mita akaketi kibarazani akasikiliza habari za magoti yake.

Siku ile Soksi hakuja getini. Alikuwa amelala kivulini chini ya karo la kufulia, na msoma mita alipompigia mluzi hakuinua kichwa. Akainama shimoni. Akafuta kioo. Wala hakusikia mlio wala muungurumo, alisikia tu maumivu kwenye shavu la mguu, na alipogeuka mbwa alikuwa tayari ameachia na anarudi kivulini, taratibu, kama aliyekumbuka jambo jingine.

"Umemkanyaga!" Mama Cherehani alilia kutoka kibarazani, akija na magoti yake yote mawili mabovu.

"Nimemkanyaga mkia, mama," akasema msoma mita. Hakuwa amemkanyaga, na mkia ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Alisema hivyo kwa sababu mtu anayejuana na mbwa haumwi bila sababu.

Mama Cherehani alimkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua bomba, akamsugua kidonda kwa sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka mpaka kipande cha sabuni kikabaki nusu. Msoma mita aliuma meno na kuangalia mita ikizunguka kwa gharama ya mguu wake. Jioni mke wake alipoiona ile suruali yenye damu hakuuliza mengi. Asubuhi alifunga kibanda chake cha ususi, akamshika mkono kama mtoto wa shule na kumpeleka kituo cha afya.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alikiosha kidonda upya, akachoma dawa kukizunguka, jambo ambalo msoma mita hakulipenda hata kidogo, kisha akamchoma sindano ya kwanza begani na kumwandikia kwenye kadi tarehe za zilizobaki. Msoma mita alitazama ukutani muda wote.

"Sista, mbwa mwenyewe namjua," alisema. "Mbwa wa nyumbani. Amechanjwa."

"Umeiona kadi yake ya chanjo?"

"Nakadiria amechanjwa."

Mke wake alifumba macho.

"Baba, nisikilize," nesi akasema. "Sindano hizi si za kidonda. Kidonda kitapona chenyewe, kitakauka, utakisahau. Hizi ni za kitu usichokiona, kinachotembea pole pole kutoka mguuni kuelekea kichwani. Tukikiwahi njiani, kwisha habari yake. Kikishafika kichwani, madaktari wote waje wakuzunguke kitandani, hakuna atakayekuponya. Mmenielewa? Zote. Kwa tarehe zake. Na huyo mbwa afungiwe, atazamwe, asishikwe na mtu. Akibadilika au akifa, nijulisheni."

Msoma mita alisema ameelewa. Kesho yake alimpigia Mama Cherehani simu, akampa salamu nyingi na kumwambia amfunge Soksi kidogo. La kutomshika hakulisema, maana aliona ni kumtisha mzee wa watu bure. Sindano ya pili aliifuata mwenyewe, akarudi akimwonyesha mke wake pamba.

Ya tatu iliangukia siku ya kusoma nyumba za mlimani, na za mlimani ni ngazi tupu. Asubuhi alivuta suruali juu akautazama mguu. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikavu, hakiumi wala hakiwashi. Hapo ndipo kazi yake ilipomponza. Katika kila mita kuna kigurudumu kidogo chekundu, na msomaji anapotaka kujua kama bomba la nyumba linavuja hufunga mabomba yote na kukitazama. Kikizunguka, kuna maji yanapotelea mahali. Kikitulia, hakuna kitu, funika uende zako. Msoma mita alikitazama kidonda chake kama anavyotazama kigurudumu, akakiona kimetulia, akashusha suruali. Moyoni alihesabu kwamba mbili zimeingia, ya tatu itakuwa sawa na ya pili, na ya nne sawa na ya tatu. Jioni mke wake alipouliza, alijibu, "Nimeenda," huku akifungua viatu, na uso wake haukubadilika hata kidogo, kwa sababu kwake huo haukuwa uongo, yalikuwa makadirio mengine. Mke alimwamini. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi.

Siku iliyofuata alipita mbele ya nyumba ya Mama Cherehani, akamkuta getini ana wasiwasi.

"Mwanangu, mguu?"

"Umepona, mama. Hata sindano nimeachana nazo. Wale wanatutisha tu."

"Afadhali. Maana nilikuwa sina raha." Mzee akapunguza sauti. "Lakini huyu mwenzako hali chakula. Maji anayatazama tu. Mdomo uko wazi, mate yanamtoka, na sauti yake imekauka. Hajawa hivi tangu azaliwe."

Msoma mita alichungulia juu ya geti. Soksi alikuwa amefungwa kwa kamba chini ya karo, taya imelegea. Aliyemsoma mbwa kwa masikio na mkia akamsoma kwa umbali wa hatua nyingi, akapata jibu papo hapo.

"Mfupa huo," akasema. "Umemkwama kooni. Nimewaona wengi. Mtazame tu, utauona."

"Aha! Mfupa!" Mama Cherehani akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mimi nilimpa mifupa juzi. Ahsante, mwanangu. Ungekuwa daktari wewe."

Akaenda zake akipiga mluzi. Aliutaka sana huo mfupa uwepo, na kwa hilo simlaumu peke yake.

Zilipita siku kadhaa. Alifika kwa muuza miche, nyumba ya kona yenye bustani mbele, miche imepangwa kwenye makopo hadi barabarani. Kulikuwa kumetoka kumwagiliwa. Makopo yalichuruzika, udongo ulikuwa mweusi kwa maji, na mpira ulikuwa bado unatiririka juu ya nyasi. Akafunua kifuniko, akafuta kioo, akatazama. Kigurudumu chekundu kilikuwa kimetulia tuli.

Alijua ni nini. Kila msomaji anajua. Mita ilikuwa imekwama. Maji yalikuwa yanapita chini ya kidole chake wakati huohuo, mengi tu, na mita haikuwa na habari nayo. Ni jambo la kawaida, unaripoti, wanakuja kubadilisha. Lakini alibaki amechuchumaa pale mpaka muuza miche akamwuliza kama mgongo umemkamata. Alikuwa anakitazama kigurudumu na anafikiria mguu wake, jinsi alivyousoma, na jinsi nesi alivyosema kidonda kitakauka utakisahau. Kisha akafikiria mfupa. Hapo, kwa mara ya kwanza, alijiuliza huyo mfupa ameuona nani.

Hakumalizia mtaa. Alikwenda kwa Mama Cherehani karibu kwa kukimbia, ndoano ikimgonga pajani. Chini ya karo kulikuwa na kamba tupu.

"Alikufa juzi," mzee akamwambia kutoka kibarazani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemzika kule nyuma. Wala huo mfupa sikuuona, mwanangu. Niliingiza mkono mpaka hapa." Akaonyesha juu ya kifundo cha mkono. "Nikapapasa kote. Akanibana kidogo, maskini, hakukusudia."

Kwenye vidole vyake viwili kulikuwa na michubuko ya meno, midogo, imeanza kukauka. Alikuwa ameifunga kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji, kitambaa kizuri cha maua.

Msoma mita aliogopa. Alikuwa ameogopa mara chache maishani, na mara zote kwa ajili ya watoto, lakini hii ilikuwa hofu ya namna nyingine kwa sababu alijua nani aliyeuingiza mkono ule kwenye mdomo ule. Alifungua bomba akaviosha vidole vya mzee kwa sabuni kama yeye alivyooshwa, akimweleza huku maneno yakigongana. Mama Cherehani alisikiliza. Kisha akasema hapana.

"Sindano mimi siziwezi tangu utotoni. Na wewe mwenyewe si umeziacha? Umesimama mbele yangu mzima."

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea kuziacha, au unakosea sasa?"

"Sijui kama mimi ni mzima," akasema. "Nilikadiria."

Mzee akaingia ndani, akatoka na mkoba wake na viatu vya kwendea mjini.

"Basi nakufuata wewe," akasema wakiwa njiani. "Nilikufuata kwenye mfupa, nitakufuata na huku. Ukichomwa, nachomwa. Siku utakayoacha, naacha, na usije kunibembeleza."

Nesi hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. Alimchoma Mama Cherehani kuzunguka vidole, na mzee akamwita mama yake aliyekufa zamani; akamchoma begani; kisha akamgeukia msoma mita na kumpa ile sindano ya tatu aliyoiruka.

"Nimechelewa, sista?"

"Umechelewa. Lakini hujaugua, na ambaye hajaugua tunaendelea naye. Usiniulize zaidi ya hapo, maana sina mashine ya kukuonyesha kilipofika." Akapiga simu kwa watu wa mifugo. Walikuja wakamfukua Soksi, wakachukua walichokihitaji, na majibu yaliporudi yalikuwa yale ambayo wote watatu walishayajua. Kilikuwa kichaa cha mbwa.

Jioni ile alimweleza mke wake kila kitu. Mke aliweka kitana chini. Alilia kwanza, kisha akamtukana matusi ambayo hakujua kama anayajua, kisha akachukua kalamu ya kuchorea nyusi akaziandika tarehe zilizobaki kwenye kioo cha kibanda chake. Tangu siku hiyo kila mteja aliyekaa kusukwa alizisoma na kuuliza, na mke alieleza bila kuficha. Mtaa mzima ukawa unamdai msoma mita sindano.

Zikaenda, moja baada ya nyingine. Wawili hao waliketi kwenye benchi lile lile, mzee akifumba macho, msoma mita akitazama ukuta. Mguu ukiwasha, alikosa usingizi. Kikombe cha maji alikinywa kwa kujichunguza kama maji yatapita kooni. Kazini alibadilika pia, akawa hafungi nyumba mpaka ameiona mita. Geti likifungwa alirudi, akarudi tena. Wenzake wakasema jina litafutwe jingine. Kasi yake ikashuka vibaya.

Ndiyo maana siku ya sindano ya mwisho ya Mama Cherehani, ambayo nesi aliamua iwe pia ya kumwongezea msoma mita moja ya kufungia, ilimkuta yuko upande wa pili wa mji na safu nzima ya nyumba haijasomwa. Ilikuwa pia siku ya kufunga mwezi. Msimamizi wake akapiga simu.

"Bado tu? Sikia bwana, hizo zilizobaki kadiria. Wewe si ndiye bingwa?"

Alisimama katikati ya barabara na ndoano yake. Saa ya kituo cha afya kufungwa ilikuwa inakaribia. Alifikiria mzee aliyesema usije kunibembeleza, na aliyekuwa mtu wa neno lake. Vazi aliloahidi kwa siku fulani lilikuwa tayari siku hiyo hata kama mteja amekufa. Basi akaanza kutembea, na huku anatembea akabonyeza: imekadiriwa, imekadiriwa, imekadiriwa, safu nzima, bila hata kugeuza shingo kuangalia nguo zilizoanikwa. Yalikuwa makadirio mabovu kuliko yote aliyowahi kufanya, na malalamiko ya wateja yalikuja kumfikia mezani mwezi uliofuata. Kisha akakimbia.

Nesi alikuwa mlangoni na funguo mkononi.

"Bora umekuja," akasema. "Bibi yako amegoma. Tangu mchana namwambia njoo nikuchome uende, ananiambia mwenzake hajafika."

Mama Cherehani alikuwa peke yake kwenye benchi. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa umekunjwa hadi begani, umekunjwa kwa unadhifu kama upindo, na nafasi ya pembeni yake alikuwa ameiwekea mkoba ili asikae mtu, ingawa chumba kilikuwa kitupu.

"Nilijua utakuja," akasema.

"Ulijuaje, mama?"

"Sikujua."

Akauondoa mkoba. Msoma mita akaketi, akihema, akakunja shati. Nesi alianza na mzee, ambaye alifumba macho kama kawaida, na msoma mita, ambaye siku zote alitazama ukuta, safari hii aligeuza kichwa akautazama mkono wa yule mama, ngozi ilivyobonyea, sindano ilivyoingia, dawa ilivyoisha yote. Kisha ikaja zamu yake, akaitazama na yake.

"Tayari," nesi akasema. "Mmemaliza. Nendeni nyumbani."

Mama Cherehani hakufumbua macho mara moja.

"Imeingia kweli?" akamwuliza mwenzake. "Yangu na yako? Au unakadiria?"

"Zote mbili, mama," akasema msoma mita. "Zimeonwa."